Nyuzi za Watoto Waliokua

Uvinza,
12 Januari 1947

Shangazi Apolinaria,

Shikamoo. Nakuandikia nikiwa nimekaa mlangoni, maana ndani kumejaa moshi wa kuni mbichi. Mimi sijambo, Anselm hajambo, bado ni karani kwenye chumvi na bado anarudi jioni viatu vyeupe kama aliyekanyaga unga. Mvua haijakatika tangu Noeli. Baba ameniandikia kutoka Goweko kwamba karanga zimestawi na mke wake amejifungua mtoto wa kiume. Nimefurahi kwa ajili yao. Na wewe, mguu wako unaendeleaje? Usinijibu "vizuri tu" kama kawaida yako.

Nazikumbuka Alhamisi zenu. Mchana kivuli cha nyumba kikifika kwenye jiwe la kusagia, najua huko mnatandika mkeka barazani kwa Mama Bernadeta, Mama Kherunisa anafungua bakuli lake la bajia, na Mama Mwanne analalamika kwamba mmeanza kula kabla hata ya kutoa sindano. Mimi nimekulia katikati ya sindano zenu, na huku sina wa kufuma naye. Wake wa wenzake Anselm ni watu wema lakini wanasuka ukili, wakiona sindano zangu wanacheka.

Sasa Shangazi, nina ombi, na usiniulize sababu. Waambie mama zangu wa Alhamisi wasinifumie kitu. Chochote, hata soksi. Wakiuliza habari zangu, waambie nimenenepa kwa samaki wa Malagarasi. Vile vitu vyeupe vya mara ya kwanza, na vile vya mara ya pili, wewe unajua vilikokwenda.

Salamu kwa wote.

Mwanao,
Getruda

*

Isevya, Tabora,
31 Januari 1947

Mwanangu Getruda,

Marahaba, tena marahaba. Barua yako imenikuta mzima. Mguu unaitabiri mvua kuliko Serikali, lakini unanifikisha Kanyenye kwa Bernadeta kila Alhamisi, basi sina ugomvi nao. Baba yako nimemwandikia kumpongeza. Huyo kaka yangu hajui kuandika zaidi ya mistari minne, lakini mistari yenyewe ilikuwa ya furaha.

Nimekusaliti, na heri ulisikie kwangu. Jana nilikwenda nimefunga mdomo kabisa. Nikakaa, nikatoa soksi yangu, nikafuma. Bernadeta akauliza, "Getruda ameandika?" Nikasema ameandika, anawasalimu, amenenepa kwa samaki. Sindano zote zikasimama. Sijawahi kuwaona wanawake wale wakinyamaza na chakula kiko mbele yao. Halafu Mwanne akasema taratibu, bila hata kuinua macho, "Samaki hao wana miezi mingapi?"

Nikacheka, mwanangu. Nisamehe. Kicheko kilinitoka kabla sijakishika.

Basi ikanibidi niwaeleze. Nikawaambia umekataa, na kwamba una haki. Mara mbili tulikuletea nguo nyeupe mpya kabla ya wakati, na mara mbili ukamzika mtoto ndani ya nguo zile zile. Bernadeta alifuta macho kwa soksi ya mumewe. Hapo Kherunisa akaweka kikombe chini, akasema, "Basi sisi ndio tuliokosea. Kwetu Wahindi mtoto akizaliwa havalishwi kipya. Anavalishwa cha mtoto mwingine aliyekua, mwenye meno yake na kelele zake. Vipya ni baadaye." Bernadeta akasema padre akisikia hayo atatusomea. Kherunisa akamjibu kwamba padre hajazaa.

Na wewe unajua tangu vita sufu imekuwa adimu. Dukani kwa mume wa Kherunisa kuna rangi moja tu, kijani cha dawa ya kikohozi, nayo inawasha. Basi wamepanga hivi: kila mmoja atoe sweta ya mwanawe aliyekua, waifumue, na kwa uzi huo wafume moja. Uzi uliokwisha kulea, ndivyo Mwanne alivyouita. Lakini wameapa hawatagusa hata kitanzi kimoja mpaka wewe mwenyewe useme ndiyo. Ukisema hapana, tutakula bajia na kunyamaza.

Kula vizuri. Usibebe maji.

Shangazi yako,
Apolinaria

*

Uvinza,
9 Machi 1947

Shangazi,

Shikamoo. Usidhani nimenuna. Malagarasi umefurika, treni ilikwama siku nyingi, na barua yako imenifikia juzi imelowa upande mmoja. Nilidhani wewe ndiye uliyenuna. Anselm anakusalimu, amepata kikohozi na amepona. Chumvi imekuwa shida kukauka kwa mvua hizi, na mabwana wakubwa wana hasira na mawingu.

Niliisoma nikalia, kisha nikala ugali sahani nzima. Waambie ndiyo. Waambie wafumue. Nilipofika kwenye maneno ya Mama Mwanne niliifunga barua nikaiweka kifuani, mimi ambaye tangu Novemba, nilipojua nina mimba, nilikuwa siwezi hata kumtazama mtoto wa jirani mgongoni mwa mama yake. Wapelekee shukrani zangu, moja moja, usiwape kwa jumla.

Mkunga anasema ni mwanzoni mwa Juni. Nimeandika. Umeona? Nimeandika mwenyewe na kalamu haijaanguka.

Shangazi, njoo mwishoni mwa Mei. Mkunga ni mtu mzuri, lakini siku hiyo nikifungua macho nataka nikuone wewe.

Mwanao,
Getruda

*

Isevya, Tabora,
18 Aprili 1947

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Pasaka ilikuwa njema, tuliimba mpaka sauti zikatuacha, na Bernadeta alipika pilau ya kugawa mtaa mzima. Mguu uko vizuri, na safari hii ni kweli. Kikohozi cha Anselm mpe asali na ndimu hata kama amepona, wanaume hukohoa kwa siri.

Sweta imekwisha na inakuja na gadi wa treni, mtoto wa dada yake Mwanne, mtu mwaminifu ila mlafi. Kuna matobolwa mfuko mzima humo ndani, viazi vitamu nilivyochemsha na kukausha mwenyewe. Ukiyakuta nusu, ujue ni yeye.

Nikueleze ulichoshika mkononi. Chini kabisa ni samawati. Hiyo ni ya Justus wa Bernadeta, ambaye sasa ni mwalimu na anamsahihisha mama yake kila akisema. Katikati ni kaki. Usishtuke. Mwanne hakuwa na sweta ya utoto ya mwanawe Ngollo, iliisha kwa wadogo zake, akaleta ile ya jeshi aliyorudi nayo kutoka Burma. Bernadeta alisema mtoto mchanga atavaaje kaki. Mwanne akasimama barazani, akasema, "Mwenzangu, mwanangu amekwenda mwisho wa dunia watu wakipigwa risasi kulia na kushoto, amerudi na miguu yake yote miwili. Unataka uzi gani wenye heri kuliko huu?" Bernadeta akanyoosha mkono, akaupokea. Juu, kifuani na mikononi, ni nyekundu ya binti wa Kherunisa, yule aliyeolewa Kigoma. Kherunisa aliifua mara tatu ili iwe laini, akaikausha juani juu ya paa la duka, wateja wakauliza anauza bendera gani.

Walikuwa wakibishana kila Alhamisi, huyu anabana, huyu analegeza, na visahani vya kashata vikipita katikati. Siku nyingine walifumua zaidi ya walichofuma.

Shingo imebaki wazi, uzi uliwaishia. Unaweza kuimalizia mwenyewe ukipata uzi wowote.

Kuhusu Mei, mwanangu, sijui. Paa langu linavuja na fundi hapatikani. Kuku nao siwezi kuwaacha, kuna kicheche mtaani. Na treni siku hizi hazieleweki. Mkunga wako anasifiwa sana, nimeuliza watu.

Tunakuombea.

Shangazi yako,
Apolinaria

*

Uvinza,
29 Aprili 1947

Shangazi,

Shikamoo. Sisi wazima. Matobolwa yamefika yote, mwombe radhi gadi.

Sweta nimeiweka kitandani nikaizunguka kama mbuzi anayezunguka kigingi. Sijui nitawashukuruje mama zangu. Mwambie Mama Mwanne mstari wa kaki ndio ninaoushika nikipata hofu, na napata hofu kila siku. Mwambie Mama Kherunisa ulaini ule nimeuhisi shavuni. Mwambie Mama Bernadeta nimeomba mtoto wangu awe msumbufu kama Justus, anisahihishe mpaka nichoke.

Lakini nimetafuta mkono wako. Nimejifunza kufuma kwa kutazama vidole vyako, vitanzi vyako vinabana, hata nikifumbwa macho navijua. Humu hakuna hata kimoja. Uzi wako uko wapi?

Na paa lako Anselm alilitengeneza mwenyewe Agosti, alipokuja likizo, kwa bati jipya.

Siandiki mengi, mgongo unauma. Mei mwishoni, Shangazi.

Getruda

*

Isevya, Tabora,
9 Mei 1947

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako ilikuwa fupi nami nimeielewa. Nimekaa nayo wiki nzima. Hapa wote wazima, leo sina habari nyingine.

Paa halivuji. Kuku niliwauza wakati wa Pasaka.

Ile shingo waliniachia mimi. Walipofika hapo wakasimama. Hakuna aliyesema "Apolinaria, sasa wewe." Kila mmoja aliinamia kikombe chake, na Bernadeta akaanza kuzungumzia bei ya mchele. Walikuwa wananingoja, na walikuwa wanaona haya kuningoja. Mimi nitoe uzi gani? Nilizaa watatu na marehemu Kornel wangu, na watatu wote niliwazika hawajafika kutembea. Nguo zao ziko sandukuni. Ningezifumua hizo nimvalishe mtoto anayekuja? Sina mtoto aliyekua, Getruda. Hilo ndilo jambo, sikutaka kuliandika.

Na si uzi peke yake. Wale wako wawili, mtu wa kwanza kuwashika alikuwa mimi, na wa mwisho pia alikuwa mimi. Mara ya kwanza nilisema ni mapenzi ya Mungu. Mara ya pili, nikirudi Tabora kwa treni, niliitazama mikono yangu njia nzima. Mkono wangu hauna heri kwa watoto. Padre siwezi kumwambia, atanikemea. Nakwambia wewe. Ndiyo maana siji. Nakupenda kuliko nafsi yangu na ndiyo maana siji.

Usinikasirikie. Lala upande wa kushoto.

Shangazi yako,
Apolinaria

*

Uvinza,
15 Mei 1947

Shangazi,

Shikamoo, na uniwie radhi, maana leo nitasema nawe kama mtu mzima mwenzako. Salamu za Anselm na majirani utazipata chini, kama nafasi itabaki.

Kuna jambo sijawahi kukushukuru. Mara ya kwanza nilikuwa na homa, siwezi kuinua kichwa. Padre alikuwa mbali. Wewe ulichota maji kwa kikombe cha chai ukambatiza, ukampa jina la Anton, ukamshika mpaka mwisho. Mara ya pili ulimshika siku mbili, hukumweka chini hata ulipokuwa unakula, na ulikuwa ukimwimbia kwa Kinyamwezi. Nilikuwa nakusikia kutoka kitandani. Nilisema moyoni, wanangu hawatakaa, lakini hakuna hata mmoja aliyeondoka peke yake. Kila nilipotaka kukuambia ahsante, nilianza kulia nikaacha. Leo nalia na ninaandika. Ahsante, Shangazi. Ahsante kwa mikono hiyo hiyo unayoisema vibaya.

Sasa fungua kifurushi. Hiyo sweta ya njano umeisahau, mimi sikuisahau. Ulinifumia nilipoanza shule kwa masista, mwaka ule wa baridi kali ya Julai, ukasema rangi hiyo utaniona hata nikijificha. Kwapa la kushoto limetoboka kwa sababu nilinaswa na seng'enge nikiiba mapera ya masista. Nilikuja nayo nilipoolewa, chini kabisa ya sanduku, Anselm hajui.

Mama alinizaa, Mungu amrehemu, akaondoka kabla sijaota jino. Baba akaoa, akaenda Goweko. Ni nani aliyenipa uji? Ni nani aliyenichapa kwa ajili ya yale mapera? Wewe unakaa barazani pale mbele ya wanawake wanaonijua tangu nikitambaa, unawaza kwamba huna mtoto aliyekua. Basi mimi ni nani? Nina miaka ishirini na minne. Meno ninayo yote. Kelele ninazo, muulize Anselm.

Fumua hiyo, fuma shingo, uilete mwenyewe. Kwa gadi sitaipokea.

Mwanao,
Getruda

*

Isevya, Tabora,
23 Mei 1947

Getruda,

Marahaba. Jana nilipeleka sweta yako kwa Bernadeta, nikaiweka juu ya mkeka, nikawasomea ukurasa wa pili wa barua yako. Wa kwanza niliubakiza.

Imefumuka kwa taabu, kwapani uzi umeshikana vibaya. Kherunisa alinyoosha mikono yake miwili akashikilia uzi, mimi nikazungusha donge. Mwanne alikuwa akinilisha vitumbua mdomoni kwa kuwa mikono yangu ilikuwa kazini. Bernadeta alilia kwenye chai yake, kisha akainywa.

Nakuja na treni ya Jumatano. Anselm asitafute mkokoteni, kutoka stesheni nitatembea. Babu yangu alipita njia hiyo kutoka Ujiji kwa miguu, pembe ya ndovu ya watu begani. Mimi nitakaa kwenye behewa nikifuma shingo, sitalalamika.

Naogopa, mwanangu. Lakini nakuja.

Apolinaria

*

Isevya, Tabora,
22 Agosti 1947

Mwanangu mpendwa Getruda,

Salamu nyingi, na mbusu mtoto Tekla kwenye paji la uso, tena polepole, maana najua ameamka wakati unasoma hii. Safari ilikuwa salama. Nyumba nimeikuta ilivyokuwa, ila mchwa wamekula mguu wa meza. Baba yako amepita hapa kutoka Goweko na gunia la karanga. Alitaka nimweleze mjukuu wake anafanana na nani, nikamwambia anafanana na mtu mwenye njaa. Alicheka mpaka akakaa chini.

Bado nashangaa asubuhi nikiamka bila kumsikia. Siku ile mkunga aliponipa nimshike nilirudi nyuma hatua moja, uliniona, ukanitazama tu mpaka nikanyoosha mikono. Nilimshika na alikuwa wa moto na mwenye hasira. Siku arobaini zilipokwisha niliendelea kuzihesabu kwa woga kana kwamba bado. Nakushukuru kwa kunikasirikia kwa wakati. Nakushukuru kwa kulihifadhi lile vazi la njano. Namshukuru Mungu, nanyi nyote, na yule gadi.

Jana ilikuwa Alhamisi yangu ya kwanza tangu nirudi. Idi ilikuwa imepita juzi tu, basi Mwanne na Kherunisa walileta vilivyobaki, na vilivyobaki vilikuwa vingi kuliko chakula cha sikukuu ya mtu mwingine. Waliniuliza kila kitu. Ngollo naye amesema akimwona mtoto mwenye kaki atampigia saluti. Wanataka kujua kama sweta bado inamtosha, nikawaambia mikono imeanza kuwa mifupi, na Bernadeta akapiga makofi kama aliyeshinda bahati nasibu.

Kherunisa alikuja na mgeni, Dolatbai, aliyeolewa na mdogo wa mume wake, ametoka Mwanza. Ni binti mpole, anafuma vizuri kuliko sisi sote lakini bado anaona haya kula. Kwa adabu ya mgeni alituuliza mmoja mmoja tuna watoto wangapi. Bernadeta akasema sita. Mwanne akasema wanne, na akaeleza tabia ya kila mmoja. Zamu ilipofika kwangu wote watatu wakainamia sindano zao, kama wanavyofanya siku zote, kwa sababu wananipenda na wanajua nitakavyojibu. Wewe pia unajua. Miaka yote hiyo mtu akiniuliza nilikuwa nasema, "Sina."

Nikamwambia, "Watatu nimewazika. Ninaye mmoja, yuko Uvinza, ameolewa na karani, naye ana binti."

Dolatbai akasema hongera, akaendelea kufuma, kwake lilikuwa jibu kama majibu mengine. Bernadeta aliinuka akasema anakwenda kutafuta sukari, na sukari ilikuwa mbele yake. Kherunisa alinishika goti. Mwanne akasafisha koo, akaniuliza kama kile kisheti cha mwisho nitakila au akichukue yeye. Nilikila.

Mama yako,
Apolinaria